Sita au Tisa

Mwezi wa Shaabani fundi wa nguo hana usingizi. Kila mtu ataka buibui jipya la Ramadhani, na wenye akili wanaleta vitambaa vya Idi mapema. Mwaka ule wa 2019 chumba changu cha kushonea hapa Kibokoni kilijaa hadi mlangoni. Na ndio mwezi huo niliokwenda kuwekewa mashine ya sikio. Dada zangu walinishangaa, wakaniambia ningengoja hadi Idi ipite. Sikuweza kungoja. Nilikuwa nimetoka kuharibu gauni la watu.

Mteja alikuja na satini nzuri ya rangi ya zabibu, akaniletea na vipimo vya bintiye aliyekuwa Lamu. Alisimama upande wangu wa kushoto akinisomea kwenye karatasi, nami naandika. Aliposema kiuno thelathini na tisa, mimi nikaandika thelathini na sita. Nguo ikiwa kubwa utaipunguza. Ikiwa ndogo inchi tatu, na kitambaa kimekwisha, huna la kufanya. Nililipa satini, na yule mama hakunigombeza hata kidogo. Laiti angenigombeza.

Sikio langu la kushoto lilikufa mwaka 1988, nikiwa na umri wa miaka minane, kwa matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba, Mama akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, homa ikashuka, nikarudi kucheza. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu hakikurudi. Tulijua miezi kadhaa baadaye, shangazi yangu alipopiga simu kwa jirani. Nilipewa mkono wa simu nikauweka sikio la kushoto, nikasema hakuna mtu. Jirani akaunyakua akasikiliza, akanirudishia, nikasema tena hakuna mtu. Mama alikuwa amesimama pale. Aliutoa polepole akauweka upande wa kulia, na shangazi alikuwa akiita jina langu.

Tangu siku ile nyumba nzima ilijipanga kuliani kwangu. Hakuna aliyeamrisha. Tukila, tukitembea, tukikaa barazani, mwenye neno na mimi huhamia kulia. Mama zaidi ya wote.

Mtaalamu wa masikio alikuwa msichana mpole, akiniita dada. Alinieleza kwamba sehemu ya ndani ya sikio, ile iliyojikunja kama konokono, ndiyo iliyoharibika, kwa hiyo hata angenikuzia sauti vipi upande ule haitasikika. Kilichobaki ni kuivusha sauti ya kushoto ipelekwe kulia. Kwanza alinijaribisha kifaa kinachotetemesha mfupa, akakibana nyuma ya sikio bovu kwa ukanda. Sauti yake ikapita ndani ya fuvu hadi sikio zima. Nilishtuka, lakini ukanda ulinibana sana chini ya ushungi. Nikachagua hii nyingine yenye vipande viwili. Kile cha kushoto kina maikrofoni tu; kinanasa sauti na kuirusha bila waya hadi kile cha kulia, na hicho cha kulia huingia sikioni kwa kifuniko laini chenye matundu, ili sikio zima lisizibwe.

Nilimweleza habari ya sita na tisa. Hakucheka. Alisema sauti nyembamba kama s na t na f huzuiliwa na kichwa chenyewe, kama ukuta unavyozuia jua. Mtu akizungumza kushoto kwangu, mlio mzito wa maneno unazunguka na kunifikia, ila zile herufi nyembamba zinabaki nyuma. Miaka 31 nilidhani mimi ni mzito wa kufahamu. Nilitoa machozi pale kitini, naye akanisubiri.

Halafu akanionya. Mashine haitanipa uelekeo. Mwenye masikio mawili hujua sauti imetoka wapi kwa kuwa hufika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde. Kwangu mimi kila kitu kitaingia mlango mmoja.

Niliyaelewa maneno hayo vizuri nilipofika Marikiti. Kabla ya mashine nilikuwa na ujanja wangu nisioujua: sauti hafifu niliihesabu ni ya kushoto, sauti kali ya kulia. Sasa zote zilikuwa kali. Tuktuk zilipiga honi nami sikujua nitupe jicho wapi. Hamali alikuwa akija na mkokoteni wa viazi, akipiga kelele "Njia! Njia!", nikaruka kumpisha, kumbe namrukia. Alikaza miguu akauzuia mkokoteni kwa kifua chake, gurudumu likasimama kwenye ncha ya kiatu changu. "Mamangu, waniingilia!" akasema, akihema. Nilimwomba radhi, nikatembea hadi nyumbani nikigusa kuta za vichochoro kwa mkono.

Na kulikuwa na ushungi. Hili mtaalamu hakulitaja, nadhani hakuwahi kuvaa mashine chini ya ushungi. Krepu ile niliyovaa ilikuwa ikisugua maikrofoni kila nikigeuza shingo, mlio wake kama mtu anayefinyanga karatasi ndani ya kichwa changu. Nilipofika chumbani nilivua kila kitu nikaanza kujaribu vitambaa kimoja kimoja, nikivisugua juu ya kipande cha kushoto. Shifoni ililia kama mchanga. Jojeti mbaya zaidi. Pamba mpya ilikuwa afadhali. Mwisho nikachukua leso yangu kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto, nikaisugua na sikusikia kitu. Nikakata mistatili miwili, nikaishona kwa ndani ya ushungi mahali pa masikio. Tangu siku hiyo shungi zangu zote zina kiraka cha leso kisichoonekana.

Likabaki feni. Feni yangu nilikuwa nimeiweka kushoto kwa makusudi, miaka yote, kwa sababu upande ule haikunisumbua. Sasa mashine iliichukua ngurumo yake yote na kunimiminia kulia. Nikaizima. Joto la Aprili Mombasa unalijua, mvua imetisha tu haijanyesha, hewa imesimama. Mashine nayo haitaki jasho, niliambiwa usiku niitie kwenye mkebe wa kufunga wenye vijiwe vya kunyonya unyevu. Lakini nilitaka kimya kidogo. Cherehani pia nikaiacha, nikashika upindo wa buibui kuupinda kwa mkono.

Mama alikuwa dirishani, kushoto kwangu, akichagua mchele wa chakula cha usiku. Hapo ndipo akaapo akiwa hana la kuniambia. Baada ya magharibi, mimi na kazi yangu, yeye na ungo wake, tumekaa hivyo jioni nyingi mno, na sikuzote niliiona ni saa yetu ya kimya.

Kwanza nilisikia mchele. Alikuwa akiupeleka ungoni kwa kiganja, kisha kidole kinatafuta, kisha tik, jiwe kwenye kisosi. Niliacha kushona nisikilize. Punje zilikuwa na sauti! Zikaenda, zikarudi, tik.

Kisha akageuza mguu kwenye mkeka, na nikasikia pumzi ikivutwa kwa meno. "Ya Rabi," akasema chini chini, "goti hili." Akaendelea kuchagua. Baada ya kitambo akasogea tena, na pumzi ile ile, na maneno yale yale. Hakuwa akilalamika kwa mtu. Alisema kama mtu aliye peke yake chumbani, na kwa hakika upande ule alikuwa peke yake.

"Mama, goti limeanza lini?"

Mkono wake ulisimama ndani ya ungo. "Goti gani?"

"Hilo unalolilalamikia."

Aliniangalia, kisha akaliangalia sikio langu la kushoto, lile lenye kidude cha rangi ya kijivu, kana kwamba kuna mgeni ameingia bila hodi. Akaweka ungo chini, akashika ukingo wa dirisha, akaanza kujiinua. Nilijua aendako. Alikuwa akihamia kulia kwangu ili anijibu. Alipofika nusu uso ulijikunja, na sasa niliuona, na sijui ni mara ngapi ulijikunja hivyo mimi nimeinamia cherehani.

"Kaa papo hapo, Mama. Nakusikia."

Akakaa. Alinyamaza kitambo, akiokota punje zilizomwagika mkekani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, bila kunigeukia, nadhani alitaka kuhakikisha: "Tangu Mfungo Sita. Wakati wa Maulidi."

Sikumwuliza mara ya pili. Nilihesabu kwa vidole juu ya lile buibui jeusi: Saba, Nane, Tisa, Rajabu, Shaabani. Miezi mitano.