Usiku wa Tetemeko Upanga

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili ikiwa imepita kwa dakika chache, jengo letu la Upanga, jijini Dar es Salaam, lilitikisika, na wapangaji wa ghorofa zote tukateremka ngazi kwa pupa, kina mama wakiwa na watoto mikononi. Baadaye ilitangazwa kwamba tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 6.0 na kitovu chake kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa jiji. Pale uani kila mtu alikuwa na lake la kusema, lakini swali lenye uzito lilitoka kwa jirani yetu, mzee wa Kingazija aliyejua kwamba ninafundisha jiografia.

"Mwalimu, ile volkano ya kule Maore, na huku itazuka?"

Alikusudia volkano iliyozuka chini ya bahari karibu na Mayotte, kisiwa cha Komoro ambacho wenyewe hukiita Maore. Nilimjibu kwamba tetemeko peke yake si dalili ya volkano, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya bahari yetu huvutwa na kukatika hata pasipo na magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Hakutosheka. Alitaka kujua kwa nini basi kule mlima umeota.

Vitabu tunavyofundishia huchora kila volkano kwa umbo la pia, na kwa maoni yangu mchoro huo umewapotosha wengi. Magma hupanda kupitia nyufa, nazo hufunguka kuelekea upande ambao miamba imebanwa kwa nguvu ndogo kuliko pande nyingine, hivyo ufa hukingamana na upande ardhi inakovutwa. Nilimtajia kanga kuukuu: ikivutwa mashariki na magharibi, huchanika kutoka kaskazini kwenda kusini. Ndiyo maana katikati ya Bahari ya Atlantiki, ambako mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, huachana kwa sentimita 2 hadi 3 hivi kwa mwaka, volkano ndogo za sakafu ya bahari hujipanga kuwa matuta marefu yanayofuata mpasuko, ilhali mlima uliozaliwa mbali na mvuto wa namna hiyo huelekea kuwa wa duara.

Volkano ya Mayotte, iitwayo Fani Maoré, iligunduliwa Mei 2019 na wanasayansi waliokuwa katika meli ya Marion Dufresne, mwaka mmoja baada ya matetemeko kuanza kisiwani. Ilikuwa imeinuka mita 820 hivi kutoka sakafu yenye kina cha mita 3,500. Ukiitazama peke yake, matuta yake yametawanyika pande zote kutoka kileleni; ukiitazama pamoja na volkano nyingine za hapo, unaona mlolongo mmoja ulionyooka kuelekea mashariki kusini-mashariki, na mlolongo huo ndio unaotueleza kwamba ardhi inavutwa kaskazini mashariki na kusini magharibi.

"Na mlolongo huo unaanzia wapi, mwanangu?"

"Petite-Terre, Mzee, kile kisiwa kidogo cha Mayotte. Mlima wenyewe uko kilomita 50 mbali na kisiwa."

Kumbe binti yake ameolewa hukohuko Petite-Terre. Akanitaka nimweleze upya, safari hii polepole, ili naye aweze kumweleza kwenye simu.