Sufuria ikiungua, mkono utulie kwanza

Harufu ya kuungua ikianza kusikika jikoni, wengi hukimbilia kumimina maji baridi sufuriani. Maji hayo yana hasara mbili. Kitako chenye moto mkali kikipozwa ghafla hujikunja, na sufuria iliyobenuka kitako haikai sawa jikoni tena: inaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Hasara ya pili ni chakula cha juu, ambacho kilikuwa bado kizima na sasa kimeharibika pia.

Zima moto, ipua sufuria, uiweke mahali pakavu. Kisha teka chakula cha juu taratibu ukihamishie chombo kingine, na usiguse ukoko. Acha chini unene wa kidole kimoja hata kama roho inauma, maana ukikwangua, ladha ya moshi inaingia kote na hakuna kiungo cha kuitoa. Onja kutoka chombo kipya, mbali na sufuria iliyoungua. Harufu yake ikiwa karibu na pua, utadhani chakula chote kimeungua kumbe sivyo.

Iache ipoe kama dakika 20. Sasa tazama sufuria imetengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu dawa ya sufuria moja ni sumu ya nyingine.

Ile ya chuma kisichoshika kutu inapenda bikaboneti ya soda, hii ya kuumulia keki. Tia maji yafunike ukoko kwa sentimita 2 au 3, weka vijiko 2 vya chakula vya soda kwa kila lita, kisha ndiyo uwashe moto. Soda itangulie kabla maji hayajachemka. Ukiimwaga kwenye maji yanayotokota itafoka na kumwagika jikoni. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, zima, acha hadi maji yapoe, au hadi asubuhi ikiwa ukoko ni mnene. Utaona kingo zake zimeanza kuinuka kama magamba. Hapo sukuma kwa mwiko wa mti kutoka pembeni kwenda katikati. Ukoko usipotoka wote, rudia kuchemsha badala ya kuongeza nguvu za mkono.

Sufuria ya alumini usiitie soda hata kidogo, kwa sababu soda huila na kuiacha nyeusi. Alumini ni nyepesi mkononi na rangi yake ni kijivu kilichofifia. Hiyo ichemshie maji yenye siki au maji ya limau, nusu kikombe kwa lita, dakika 10, kisha mwaga mara moja na suuza. Ukilaza asidi humo usiku kucha itaanza kuila pia. Zile zenye utando wa kuzuia chakula kugandia zinataka maji ya uvuguvugu, sabuni na sifongo laini tu. Waya wa kusugulia ukipita hapo mara moja, utando umekwisha.

Na kama kilichoshika moto ni mafuta, maji yasisogee kabisa. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo na kuyarusha yakiwa yanawaka. Zima jiko, telezesha mfuniko juu kuanzia upande wako, usiinue wala kuhamisha kikaango hadi kipoe kabisa. Mfuniko ukifunuliwa mapema, hewa inaingia na moto unaweza kurudi. Ukiona moto umekushinda au umeshapanda ukutani, toka nje na ita msaada.

Mkono huohuo wa haraka ndio unaoua mabomba. Bomba la kuzungusha likianza kudondosha, watu hulikaza. Likidondosha tena, hulikaza zaidi. Ndani yake kuna mpira mdogo wa duara, mafundi huuita washa, unaokaa juu ya kiti cha chuma na kuziba tundu la maji. Kila unapokaza kupita kiasi, ukingo wa kiti unauchora mpira ule mfereji. Mpira wenye mfereji haupatani na kiti, maji yanapenya. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukua matone 20 kwa mililita moja, ni zaidi ya lita 4 zinazopotea usiku na mchana.

Kwanza angalia maji yanatokea wapi. Yakidondoka mdomoni mwa bomba, tatizo ni washa au kiti. Yakichuruzika chini ya mkono wa kuzungushia, tatizo ni mpira au nyuzi za kuzuia maji shingoni, na kubadilisha washa hakutasaidia chochote.

Funga koki kuu, kisha fungua bomba maji yaliyobaki yatoke. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ya bomba ni ndogo na hupenda kuanguka hapohapo. Ondoa kifuniko cha juu, fungua skrubu, chomoa mkono. Shika kiwiliwili cha bomba kwa mkono mmoja na kwa mwingine fungua shingo kwa spana, kinyume cha saa. Usipokishika kiwiliwili, nguvu inahamia kwenye bomba la ukutani, na likipasuka humo ndani kazi imekuwa ya kubomoa vigae. Toa washa ya zamani uende nayo dukani, upime kwa macho. Washa iliyo kubwa kidogo tu hujikunja na kuvujisha tena.

Kabla ya kurudisha, ingiza kidole upapase kiti. Kikiwa laini mduara wote, endelea. Ukihisi kijikovu au pengo, washa mpya itakatwa upesi. Hapo kiti kisagwe upya na fundi mwenye kifaa chake, au ubadilishe bomba. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, halafu lawama anapewa muuza washa. Ukimaliza, fungua koki kuu polepole na funga bomba kwa vidole viwili tu. Likihitaji zaidi ya hapo, kuna kitu hakijakaa.

Sinki lililoziba lina kishawishi chake: kumwaga dawa kali ya kuzibulia. Naiweka mwisho kabisa, kwa sababu ikishindwa, maji yote yaliyosimama yamegeuka kuwa ya kuunguza ngozi, na yeyote atakayefungua bomba la chini yatammwagikia. Wala usichanganye dawa mbili, hasa ya klorini na ya asidi. Hutoa gesi inayoumiza mapafu. Anza na pampu ya mpira. Ziba tundu la juu la kuzuia mafuriko kwa kitambaa kibichi, vinginevyo unapampu hewa. Maji yafunike kikombe cha mpira, kisha sukuma na kuvuta mara 10 hadi 15 bila kukiinua. Kama haijasaidia, weka ndoo chini ya lile bomba lililopinda kama herufi U na ufungue nati zake. Nyingi za plastiki hufunguka kwa mkono. Uchafu mwingi unakuwa pale. Maji yanayotokota usiyamwage kwenye mabomba ya plastiki, yanalegeza maungio.

Madoa yana kanuni moja inayotosha sehemu kubwa ya kazi: joto hukaza doa. Damu ni maji baridi tu hadi iishe. Mafuta yanawekewa sabuni ya vyombo juu ya nguo ikiwa bado kavu, dakika 10, ndipo maji. Pasi isiguse doa ambalo halijatoka.

Kioo kikivunjika, vaa viatu kabla ya kupiga hatua, na watoto wakae walipo hadi uwafuate. Vipande vikubwa vitolewe kwa glavu au kitambaa kinene, vidogo vifagiliwe, kisha pitisha karatasi laini iliyoloweshwa na uitupe papo hapo. Dekio usilitumie, linabaki na chembe hadi siku utakapolikamua. Halafu zima taa na ulaze tochi sakafuni, mwanga utambae chini chini. Chembe ambazo ufagio haukuziona zitameremeta. Pitisha mwanga huo hadi kwenye kona za mbali na chini ya makabati, maana kioo kikigonga sakafu huruka mita kadhaa.