Risasi za mtutu mfupi kwa vichaka vya Tanga

Boksi la kawaida la risasi za .308 Winchester lenye vichwa vya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) huandikwa kasi ya futi 2,820 kwa sekunde. Kasi hiyo imepimwa kwa mtutu wa inchi 24. Kama bunduki yako ina mtutu wa inchi 16, toa takriban futi 25 kwa kila inchi iliyopungua. Inchi nane ni futi 200, kwa hiyo unabaki na kama futi 2,620, yaani karibu mita 800 kwa sekunde. Mitutu haifanani, na anayetaka uhakika atafute kipima kasi, lakini kwa kuanzia hesabu hiyo inatosha.

Wengi wakishapiga hesabu hiyo hushtuka, wakaanza kutafuta kichwa chepesi ili warudishe kasi iliyopotea. Hapo ndipo wanapokosea. Katika vichaka vya Handeni, Kilindi na Mkinga, pongo au funo huonekana ukiwa mita 40, pengine 80. Mita 150 ni mbali, na mara nyingi majani hayakuruhusu kumwona mnyama kwa umbali huo. Kwa mita 60, kasi iliyopotea haina kazi uliyoihitaji. Tena kuipoteza kunasaidia: kichwa chepesi cha koti laini (koti ni gamba la nje la kichwa) kikigonga bega la ngiri kwa kasi kubwa mno hupasuka juu juu, kikaharibu nyama na kuacha mapafu mazima. Mtutu mfupi unapunguza kidogo tatizo hilo, lakini hauliondoi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza risasi inakwenda kasi gani, uliza kichwa chake kimetengenezwaje. Kile cha ncha laini, chenye madini ya risasi ndani na koti jembamba la shaba, ndicho cha bei nafuu. Kwa kawaida huendelea kufunguka mpaka kasi ishuke kwenye mita 550 kwa sekunde hivi, na kwa .308 ya mtutu mfupi hiyo ni zaidi ya mita 250 mbele, mbali kuliko kichaka chochote cha huku kitakavyokuruhusu kulenga. Kichwa ambacho koti lake limegandishwa na madini ya ndani hakimeguki kirahisi kikikuta mfupa. Kwangu hicho ndicho chaguo la kwanza kwa ngiri na kwa kuro dume, ambaye hupita kilo 200. Cha shaba tupu huingia ndani sana na hakiachi vipande vya madini ya risasi kwenye nyama, ila chenyewe kinataka kasi kubwa zaidi ili kifunguke, mara nyingi kama mita 600 kwa sekunde. Soma maelezo ya kiwanda. Ukiamua kutumia shaba tupu kwenye mtutu mfupi, chukua greni 150 au pungufu kidogo, usichukue 180, maana hapo uzito unakula kasi ambayo kichwa hicho kinaihitaji.

Kwa vichwa vyenye madini ya risasi, greni 165 ndiyo ya katikati na inafaa karibu kila kitu: pongo, tohe, kongoni, ngiri. Greni 180 iwe ya kuro. Kwa funo, ambaye ana kilo 15 tu au pungufu, .308 yoyote ni kubwa; mpige nyuma ya bega, mbali na mfupa, la sivyo utabeba nusu ya nyama.

Risasi za koti gumu kamili, zile za mtindo wa kijeshi, ziache kabisa. Hutoboa tundu dogo kuingia na tundu dogo kutoka, mnyama akakimbilia kwenye miiba na damu isionekane chini. Wanaotaka kumwahi mnyama na kisu wamchinje akiwa bado hai ndio wanaoumia zaidi, maana hawatamkuta kwa wakati.

Kuna usemi wa vijiweni kwamba kichwa kizito "kinapita vichakani". Hakipiti. Kijiti cha unene wa kidole kinaweza kukipindisha kichwa cha greni 180 kama kinavyokipindisha cha 150, na kikishapinda kinaweza kumgonga mnyama kikiwa ubavu. Dawa yake ni kusubiri tundu kwenye majani.

Risasi za aina ya magnum kwenye mtutu mfupi ni kutupa hela. Baruti yake ni nyingi, na mtutu unaisha wakati gesi bado ina nguvu kubwa. Kinachoongezeka ni moto mdomoni, kelele na teke la bega. Hata .308 ya inchi 16 ina kelele ya kuumiza, kwa hiyo vaa vizibo vya masikio ukiwa unajaribu bunduki. Na nikisema mtutu mfupi nina maana uliotoka mfupi kiwandani. Usimpe fundi msumeno: mdomo wa mtutu ukikatwa vibaya kichwa hutoka kimeyumba, na silaha haitalingana tena na maelezo ya kwenye leseni.

Nunua maboksi mawili au matatu yenye namba moja ya toleo, kwa kadiri kibali chako cha risasi kinavyoruhusu. Namba hiyo hupigwa ndani ya kifuniko au ubavuni. Toleo jingine la risasi ileile linaweza kupiga sentimita tatu pembeni. Lenga kwanza karatasi iliyo mita 25 ili ujue uko wapi, kisha rekebisha kwa mita 100. Piga tatu tatu, uache mtutu upoe kati ya kila seti. Ikiwa tatu zinakaa ndani ya sentimita tano kwa mita 100, acha kutafuta nyingine. Bunduki iliyorekebishwa hivyo, yenye darubini, itapiga kama sentimita mbili chini kwa mita 25, na kama sentimita 14 hadi 17 chini kwa mita 200. Ile ya mita 25 ikumbuke, kwa sababu funo anayetokea puani mwako ni mdogo.

Hewa ya chumvi ya pwani inaleta kosa jingine. Watu huogopa kutu, wakapaka mafuta mengi ndani ya mtutu, kisha risasi ya kwanza inakwenda kusikojulikana. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka nyumbani. Risasi zenyewe usizipake mafuta hata kidogo, maana yakiingia kwenye fataki, ile inayowasha baruti kitakoni mwa ganda, risasi inaweza kugoma. Usiziache kwenye mkanda wa ngozi msimu mzima. Shaba inaota ukijani na ganda linanata kwenye chemba. Zikae kwenye kopo linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wala zisishinde juani kwenye dashibodi ya gari: baruti ikipata joto kali presha hupanda, na risasi haitagonga pale ulipoirekebishia.

Leseni ya kuwinda ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) na leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni vitu viwili tofauti. Utatakiwa kuwa navyo vyote. Soma vizuri mpaka wa kitalu pia, kwa sababu upande wa Pangani unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na mule ndani hakuna kuwinda.