Kupiga kafi bila miguu: kwa nini ninaitetea ngalawa

Kati ya vyombo vyote vinavyoelea katika ghuba ya Tanga, sijaona kinachomfaa mtu asiye na nguvu za miguu kuliko ngalawa. Mashua ina kina kirefu na kuipanda ni shughuli hata kwa mzima, na mtumbwi mtupu hauna huruma kwa asiyeweza kujisawazisha kwa mapaja. Ngalawa ina mirengu miwili, yaani mbao za kuizuia isipinduke, mmoja kila upande, iliyofungwa kwenye miti inayokatiza juu ya mtumbwi, na upande ukianza kulala, mrengu wake husukumwa juu na maji kabla chombo hakijafika pa kupinduka. Mimi nimepooza miguu yote miwili, na mirengu hiyo hunifanyia kazi ambayo wenzangu hufanyiwa na nyonga na magoti yao.

Nayaeleza haya kwa sababu kupiga kafi kwa watu wenye ulemavu sasa ni mchezo mkubwa duniani, na mmojawapo wa mitumbwi inayotumika ni ndugu wa ngalawa. Mashindano ya mitumbwi yaliingia katika Paralimpiki huko Rio mwaka 2016, lakini kwa kayaki peke yake, yaani mtumbwi mwembamba usio na mrengu. Va'a, yaani mtumbwi wa Polinesia wenye mrengu mmoja, uliongezwa katika michezo ya Tokyo ya mwaka 2020, ambayo kwa sababu ya korona ilifanyika 2021. Mbio ni za mita 200, kila mchezaji peke yake katika chombo chake, na kwa kuwa va'a haina usukani, mpiga kafi hulazimika kuinyoosha kwa kafi ileile anayoisukumia. Wachezaji hupangwa katika makundi kufuatana na viungo vinavyofanya kazi: VL1 ni wale wanaotegemea mikono na mabega tu, VL2 wana kiwiliwili na mikono, na VL3 wana pia nguvu kiasi za miguu au za sehemu ya miguu iliyobaki. Curtis McGrath, mwanajeshi wa Australia aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu la kutegwa nchini Afghanistan mwaka 2012, alitwaa dhahabu ya kayaki na dhahabu ya va'a katika michezo hiyohiyo ya Tokyo. Kundi la VL1, ambalo ndilo lenye ulemavu mzito zaidi, halikupangiwa mbio za va'a Tokyo wala Paris mwaka 2024, jambo ambalo kwangu mimi ni kasoro, ingawa sishangai, maana hata huku kwetu anayehitaji zaidi ndiye hupakiwa wa mwisho.

Lakini anayeanza hahitaji chombo cha mbio. Va'a ni nyepesi na nyembamba, na mrengu wake mmoja unakulinda upande mmoja tu. Ukiegemea upande wa pili ukiwa huna misuli ya kujirudisha, umekwisha kupinduka. Ngalawa ni nzito, imechongwa kwa gogo, mara nyingi la mwembe, na mirengu yake miwili huipunguzia kasi mtu anapotumia kafi badala ya tanga. Kwa mashindano hiyo ni hasara. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi akiitazama bahari kutoka barazani, uzito huo ndio usalama wake.

Tatizo la ngalawa ni kuingia. Mirengu ileile inayokulinda ukiwa majini hukuzuia ukiwa nje, kwa sababu kiti cha magurudumu hakiwezi kusogea ubavuni mwa mtumbwi. Kinakutana na mrengu mwanzo, kisha na mti unaoushika. Aidha, mirengu ya ngalawa ni mbao zilizowekwa mshazari, ambazo hubeba vizuri chombo kinapokwenda, ila kikisimama hulala mara huku mara kule, kwa hiyo chombo hakitulii katika wakati uleule unaotaka kitulie. Tulichokubaliana na nahodha wetu pale Sahare ni kuniingiza kwa tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo. Watu wawili husimama majini, kila mmoja ameshika ncha ya mti wa nyuma, ili chombo kisicheze. Kiti changu kinasukumwa mpaka maji yafike kwenye ekseli, tezi inasogezwa mpaka igusane na magoti yangu, kisha ubao uliopigwa msasa unalazwa kutoka kwenye kiti hadi ukingo wa mtumbwi, nami nautambaa kwa mikono na makalio. Kubebwa mgongoni kungekuwa haraka zaidi. Mzee huyo, nahodha wetu, alipendekeza hivyo mwanzoni, nami nilimjibu kwa adabu zote, "Baba mkubwa, nikibebwa leo, kesho nitakuwa mzigo wa ngalawa." Alicheka, akaenda kuutafuta ubao.

Ndani ya mtumbwi, mlingoti umekwisha kung'olewa, nakaa mbele kidogo ya mti wa nyuma, ambao umezungushiwa sponji ya godoro na kuwa egemeo la mgongo. Chini nina sponji nyingine nene zaidi, na hii si anasa: ngozi isiyo na hisia haikwambii kwamba imeumia, na saa moja juu ya ubao mkavu yatosha kuanzisha kidonda ambacho kitakulaza miezi. Kwa sababu hiyo navaa viatu na soksi ndefu baharini, kwani tumbo la mtumbwi lina alama za tezo, chombo cha kuchongea, zinazokwangua kama jiwe la kusugulia miguu, na nikirudi nyumbani jambo la kwanza ni kujikagua kwa kioo. Aliyekatwa mguu huuacha mguu wa bandia nchi kavu, kwa kuwa chumvi hula vyuma vyake na uzito wake hauna faida majini.

Kuhusu kujifunga, sina mjadala. Mtu hafungwi kwenye chombo kwa fundo la aina yoyote, hata kama kiwiliwili chake kinaanguka mbele kila kafi. Mkanda wa kunata, unaofunguka kwa kuvutwa mara moja kwa mkono mmoja, ndio pekee unaoruhusiwa, na kila anayetaka kuutumia hujizoeza kwanza kujifungua akiwa mahali ambapo maji yanawafika wasaidizi kiunoni. Hapohapo ndipo jaketi la kuelea hujaribiwa, maana mwili uliopooza au uliopungua viungo hauelei kama mwili mwingine, na jaketi linalomgeuza mwenzio chali linaweza kukulaza wewe kifudifudi.

Mwenzetu asiyeona hukaa mbele kabisa. Wageni hudhani tumekosea, wakati mpiga kafi wa mbele ndiye anayeweka mwendo na hana haja ya kumtazama mtu. Sisi tulio nyuma ndio tunaopaswa kumwangalia yeye, na nahodha akiita "badili" sote tunahamishia kafi upande wa pili.

Kilichobaki ni saa na maji, na hapa ndipo mipango mingi ya watu wenye nia njema huharibika. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yakipwa huacha tope na mchanga laini ambao gurudumu la kiti halitoki. Kwa hiyo tunakwenda siku za maji mafu, kuanzia kama tarehe 7 au 8 za mwezi mwandamo na tena kuanzia 22, wakati maji hayaendi mbali, na tunatoka asubuhi kabla upepo haujaamka. Siku hizo pia nyavu za nahodha hazipati mkondo wa kutosha, hivyo ngalawa ingelala ufukweni tu. Tunamlipa kiasi tulichopatana, na bamvua likirudi chombo ni chake na samaki wake.