Zege la slabu lilisubiri siku moja

Ndugu zangu mnaojenga ghorofa hapa Mtwara, msimwage zege kabla mhandisi hajakagua nondo. Jana vibarua wamefika, mashine ya zege imekodiwa, dada mhandisi akapitisha vidole chini ya nondo za slabu (sakafu ya zege ya ghorofa). Havikupita. Zimelala kabisa juu ya mbao za kushikilia zege, zege lisingepita chini yake! Akakataa kusaini. Hela ya siku ile imekwenda na iliniuma, ila alikuwa sahihi: chumvi ya bahari huku kwetu inakula nondo, zisipofunikwa vizuri zinavimba kwa kutu na zege linapasuka.

Leo tumeziinua zote kwa biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuwekea chini ya nondo), amesaini, tumemwaga. Sampuli za zege zitapimwa maabara siku ya 7 na ya 28. Dada, asante sana.