Ukurasa wa Herufi Ndogo

Nikipata jarida la kitabibu la Marekani la karatasi, mimi kama mfamasia huanza na matangazo ya dawa kabla ya makala, na katika matangazo hayo huanza na ukurasa wa herufi ndogo. Ukurasa wa mbele una picha na jina la biashara. Ule wa nyuma, uliobanana maneno, ndio unaoeleza nani anaweza kudhurika na nani hapaswi kupewa dawa hiyo kabisa. Haukuwekwa kwa hisani ya kampuni. Chimbuko lake ni sheria ya Kefauver-Harris, iliyotiwa saini na Rais Kennedy tarehe 10 Oktoba 1962 baada ya maafa ya thalidomaidi, dawa iliyosababisha watoto kuzaliwa na ulemavu, ambayo iliikabidhi FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, usimamizi wa matangazo ya dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari.

Kanuni zilizofuata zinaingia hadi kwenye kazi ya mpiga chapa. Jina halisi la dawa lazima liandamane na jina la biashara, kwa herufi zisizopungua nusu ya ukubwa wa herufi za jina hilo. Maelezo ya madhara lazima yawekwe kwa uwiano wa haki na maelezo ya manufaa, na uwiano huo haupimwi kwa maneno peke yake, kwani kanuni inataja pia aina ya herufi, mpangilio, vichwa vya maneno na hata nafasi nyeupe iliyoachwa. Nakiheshimu sana kipengele hicho cha nafasi nyeupe: aliyekiandika alielewa kwamba jambo linaweza kuchapishwa na bado likafichika. Tangazo la kukumbusha tu, lisilosema dawa inatibu nini, halidaiwi muhtasari wa madhara, lakini dawa yenye onyo la kisanduku, yaani onyo zito kuliko yote, linalozungushiwa mstari kwenye maelezo ya dawa, hairuhusiwi kutangazwa kwa namna hiyo.

Kinachonisumbua ni wakati. Kwa kawaida FDA haiidhinishi tangazo kabla halijatoka. Kampuni huwasilisha nakala kwa fomu namba 2253 linapochapishwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo onyo la FDA kwa kampuni, likija, humkuta daktari ameshasoma na pengine ameshaandika dawa.

Tena kuna suala la marejeo, ambalo si la Marekani pekee. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa matangazo ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta katika damu yaliyotoka katika majarida ya kitabibu ya Hispania. Watafiti waliyatafuta machapisho yaliyotajwa kuunga mkono madai ya matangazo hayo, wakayapata 102, na katika asilimia 44.1 ya madai hayo chapisho halikuthibitisha kilichodaiwa, mara nyingi kwa sababu dawa ilipendekezwa kwa wagonjwa wasio wa kundi lililotafitiwa. Namba ndogo ya rejea juu ya neno humtuliza msomaji, naye hafuatilii.

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu inataka matangazo yasiathiri maamuzi ya uhariri, wala tangazo lisiuzwe kwa sharti la kukaa katika toleo lenye makala fulani. Hilo ni jema, ila kwangu halitoshi. Mhariri anayepeleka makala kwa wahakiki wawili au watatu adai pia nakala ya kila utafiti uliotajwa katika tangazo, na mtu mwenye ujuzi ausome kabla jarida halijapokea malipo ya ukurasa huo.