Kuta Zilizolala

Mwezi uliopita nilimwonyesha mzee mmoja wa Mkomani, hapa Lamu, picha ya kompyuta ya nyumba yake kama itakavyokuwa ikishakarabatiwa. Akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona nyumba yangu yalala?"

Kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa kichochoro chenyewe ni chembamba, niliiweka kamera ya ndani ya kompyuta mlangoni pa jirani, nikachagua lenzi ya milimita 18, ambayo kwa kihisi (bamba linalopokea taswira ndani ya kamera) chenye upana wa milimita 36 huona nyuzi 90, kisha nikaiinua uso ili ghorofa ya juu iingie. Kamera ikiinuliwa uso, mistari ya wima huelekea kukutana angani. Globu ya taa niliyoiweka ukingoni kabisa nayo ikavutika ikawa kama papai, urefu ukizidi upana kwa takriban asilimia 41. Kompyuta ilipiga hesabu sahihi: picha hiyo, ikichapishwa kwa upana wa sentimita 20, ingeonekana sawa kwa jicho lililo sentimita 10 kutoka kwenye karatasi, lakini nani hutazama picha kana kwamba anataka kuibusu?

Ningeweza kuvuta pembe za picha iliyokwisha kutoka, ila njia hiyo siipendi, kwa sababu sehemu iliyovutwa hufifia, chokaa ikapoteza chembechembe zake, na kimo cha jengo kikabaki cha kukisia. Nilirudi kwenye Blender, programu niliyoitengenezea picha hiyo, nikaipa kamera mzunguko wa nyuzi 90 kamili kwenye mhimili wa X ili itazame mbele bila kuinama wala kuinuka, kisha nikaisogeza lenzi juu kwa kuongeza thamani ya Shift Y, inayosogeza picha juu bila kuinua kamera uso, hadi ukingo wa paa ukaingia. Baada ya hapo nikauficha ukuta wa jirani, nikarudi nyuma mpaka katikati ya sebule yake (mpiga picha wa kweli angefukuzwa), nikatumia lenzi ya milimita 35. Kinachoamua mtazamo ni umbali. Lenzi hukata tu kipande cha kile kinachoonekana.

Mwishowe niliiinua kamera uso kidogo mno ili kuta zikaribiane juu kwa kiasi kisichoonekana, kwani jengo refu likinyooshwa kabisa huonekana limepanuka kichwani.

Mzee aliupima ukuta wa picha ya pili kwa ukingo wa bahasha, akaridhika, akaanza kuniuliza bei ya chokaa.